Yangeyange Kumi na Wawili

Bi Matete alijisogeza mbele ya darubini kwa mara ya tatu, safari hii akijifanya anafukuza mbu.

"Samahani, mama, unanikinga," alisema mkaguzi wa ndege.

"Mbu hawa watakumaliza, mwanangu. Twende zetu tukanywe chai. Ndege si umeshawaona?"

"Nimeona weupe wao tu. Bado sijawatazama."

Hapo ndipo jasho lilipomtoka. Ng'ambo ya kinamasi yangeyange wakubwa walisimama majini, kimya, kama nguo zilizosahauliwa kambani. Hakuna aliyetikisika. Mbao zitatikisikaje, alijiuliza moyoni.

Manispaa ilitaka kukifukia kinamasi ili yapatikane maegesho ya magari. Bi Matete alikuwa amekata matete hapo kwa miaka ishirini na miwili, akasuka mapazia na mikeka, na watoto watatu wakasoma mpaka wakamaliza. Jina lenyewe alilipata hapo. Basi akaandika barua kwa idara ya wanyamapori: yangeyange huzaliana hapa, msipafukie.

Ilikuwa kweli, ila ya zamani. Tangu malori yaanze kumwaga kifusi kwenye pembe moja, miaka miwili iliyopita, ndege walihama na hawakuonekana tena. Jibu la barua lilikuja fupi: malori yasimame wiki mbili, mkaguzi aje aone kwa macho yake. Akikuta ndege wanaozaliana, kinamasi kitabaki. Akikuta wapita njia, au asikute kitu, malori yatarudi.

Wiki mbili! Malori yalisimama, lakini Bi Matete hakwenda hata kukichungulia kinamasi, moyo ulimuuma. Alikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya shemeji yake, seremala, mdogo wa mumewe.

"Kumi na wawili, shemeji. Mdomo wa njano, miguu myeusi. Picha nakuachia, nimeikata kwenye kalenda."

"Mimi nimechonga milango ya benki. Kuku wako atanishinda?"

"Si kuku! Na uwasimamishe majini kabla jua halijatoka. Mvua ikinyesha, jua likiwaka, mimi nisijue."

"Nitawafunga kamba shingoni, nijifiche matetini, niwe nawavutavuta. Utalia mwenyewe kwa jinsi watakavyokuwa hai."

"Usijionyeshe tu. Na hilo tumbo lako, sijui utalificha wapi."

Mvua ilinyesha kweli, usiku kucha wa kuamkia ukaguzi. Lakini asubuhi, alipofika na mkaguzi ukingoni na kuona ule weupe ng'ambo, nusura apige vigelegele. Kumbe shemeji mtu!

"Kumi na mmoja," alihesabu mkaguzi.

Mmoja kaanguka, aliwaza Bi Matete. Misumari ya shemeji hiyo. Hata meza yake ya jikoni ina mguu unaocheza tangu siku ya harusi.

"Ajabu," alisema mkaguzi.

"Nini tena?"

"Midomo yao. Myeusi."

Bi Matete alimpokonya darubini. Loo! Midomo myeusi kama masizi ya sufuria. Njano alisema, njano, na picha akampa! Na huko migongoni zilining'inia nyuzi nyeupe, ndefu, laini, zikipepea hadi kupita mkia. Pazia la mkewe hilo, alifikiri. Kalichana pazia la watu kunogesha kazi ambayo hakuna aliyemtuma.

Mara shingo moja ikajinyoosha, ikageuka polepole, ikarudi. Roho ilimruka. Kisha akakumbuka kamba, akashusha pumzi. Kwa kuvuta, alikiri, shemeji ana mkono.

Mkaguzi alichukua darubini yake, akatazama kwa muda mrefu. Akaandika kitu daftarini, akakipigia mstari. Akatazama tena. Akapiga mstari wa pili.

"Nina mtumbwi hapo," alisema Bi Matete haraka, "ila unavuja."

"Sina haja ya kwenda karibu." Mkaguzi alimgeukia. "Mama, kwenye barua yako uliandika ukweli?"

"Kila neno," alijibu Bi Matete.

"Nauliza kwa sababu watu wananidanganya sana. Mwezi uliopita nilionyeshwa bata waliopakwa chokaa."

Bi Matete alicheka. Alicheka kupita kiasi, akajisikia, akanyamaza ghafla. Mkaguzi hakucheka. Alichomoa fomu mkobani, akaiweka juu ya goti, akajaza mistari mitano bila kuinua kichwa. Halafu akatoa muhuri, akaupulizia, akaugonga.

"Nilitaka kuona dalili za kuzaliana," alisema, akimkabidhi nakala. "Nimeziona, tena zote, kuanzia midomoni hadi migongoni. Kinamasi hakifukiwi. Hongera, mama."

Ni dalili zipi hizo, Bi Matete hakuthubutu kuuliza. Alimsindikiza hadi barabarani, akampungia mkono mpaka gari likapotea, ndipo akashika njia ya nyumbani, nusu anatembea, nusu anacheza. Shemeji angekaripiwa kwanza kwa ile midomo, halafu angekumbatiwa. Au akumbatiwe kwanza.

Alimkuta langoni kwake, anahema, mikono yote miwili kwenye mkokoteni uliofunikwa turubai.

"Usinitukane, shemeji," alisema seremala, akilifunua. "Kwa mvua ile ya jana rangi imegoma kukauka. Huyo mkaguzi anakuja saa ngapi?"

Chini ya turubai walilala yangeyange kumi na wawili, midomo yao ya njano, kama alivyoagiza.