Bei ya Mlangoni

Cherop alikataa bei kwa mara ya tatu, tena kwa Kifaransa, na mnunuzi kutoka Kinshasa akajifuta jasho kwa kitambaa cha mezani.

"Madamu, unaniua," mnunuzi alilia, kwa Kifaransa pia.

"Sikuui. Nakuuzia."

Kando yao aliketi mtahini, Daktari Kibiwott, mkurugenzi wa Kituo cha Lugha za Biashara ya Kimataifa. Kifaransa cha huyu bwana kilikuwa bonjour na merci, na hiyo merci aliitumia hata kuomba chumvi. Lakini alikuwa na shahada tatu na tai nyekundu, kwa hivyo hakuna aliyewahi kumuuliza.

Huu ulikuwa mtihani wa vitendo. Daktari alitaka ufanyike "katika mazingira halisi", ndiyo maana akamtoa Cherop chuoni Kitale kwa gari lake, akamnunulia mahindi choma walipofika Webuye, akamleta mpaka hoteli hii ya Bungoma yenye viti vya ngozi. Maelezo aliyompa yalikuwa mafupi: una shehena ya vifaa vya elektroniki, vipya kabisa, na mnunuzi ndiye huyu. Uza vizuri. Wenzake darasani waliambiwa wangoje zamu yao.

Na Cherop alikuwa na sababu ya kuuza vizuri. Mwezi uliofuata kulikuwa na mtihani wa kusikiliza, na kampuni moja ya chai ilikuwa imeahidi kumpeleka Dakar mwanafunzi atakayeongoza. Dakar, bana! Kijijini kwao, Kwanza, safari ndefu ni kupeleka gunia la mahindi Kitale. Mtihani huo alishaufanya mara moja akaanguka vibaya. Sarufi alikuwa nayo, lakini masikio yake hayakuwa na mazoezi, na hakukuwa na nafasi ya kurudia zaidi ya hii.

Mazoezi afanyie wapi sasa? Kituo kilikuwepo, tena cha kifahari: kompyuta, hedifoni, rekodi za mikutano ya biashara ya Paris na Abijani. Lakini tangu siku ya uzinduzi, Daktari Kibiwott alikifunga kama mama anavyofungia vikombe vya wageni kabatini. Wageni wakija kinafunguliwa, wanafunzi wanaketishwa watabasamu, picha zinapigwa, kinafungwa. Ukimwomba ufunguo, anakutazama kana kwamba umeomba kulala kwake.

"Mtaharibu," alikuwa akisema. "Watoto wa siku hizi hata swichi ya taa inawashinda."

Safari hii, hata hivyo, alikuwa ameahidi mwenyewe.

"Ukipasi huu wa Bungoma, Cherop, ufunguo ni wako. Ingia asubuhi, toka jioni. Sitakuuliza."

Basi Cherop akakaza. Mnunuzi alipouliza kama mzigo umeshatumika, alimgeukia daktari na kumuuliza kwa Kiswahili.

"Haujaguswa!" daktari alijibu haraka. "Mwambie naapa mbele ya Mungu."

Kwa mtihani tu, jamani! Cherop alikaribia kucheka, lakini akatafsiri kiapo kama kilivyo. Wasomi wana mambo yao.

Mnunuzi naye, ilibidi Cherop akubali, aliigiza vizuri. Cherop alimdhania mhadhiri wa chuo fulani cha ng'ambo aliyeletwa kuwatahini. Mnunuzi alilalamikia barabara ya Lwakhakha, akawalalamikia maafisa wa mpakani, kisha akamlalamikia mkewe, ambaye ati alimkataza safari hii tangu mwanzo. Cherop alimpa pole kwa yote, halafu akapandisha bei.

"Na usafiri?" mnunuzi aliuliza kwa sauti ya mgonjwa.

"Bei ni ya mlangoni. Unakuja kubeba mwenyewe. Na ubebe kesho kabla ya saa sita, ama nampa mwingine."

Hakukuwa na mwingine. Hiyo ilifundishwa muhula wa kwanza, na Cherop hakuwahi kukosa kipindi.

Mnunuzi alishika kichwa. Kisha akacheka mpaka kiti kikalia, akampa mkono.

"Mnaongeza chai ama mnamaliza?" mhudumu aliuliza.

"Tumemaliza!" daktari alisema, akasimama na kumkumbatia mnunuzi kama ndugu aliyetoka vitani. Kwa mara ya kwanza tangu Cherop amjue, alimwachia mhudumu bakshishi.

Njiani kurudi Kitale daktari alimsifu Cherop bila kupumua. Ati hajaona kipaji kama hicho. Ati alama zote, asilimia mia, na akitaka barua ya kumpendekeza ataiandika mwenyewe. Na hakuvunja ahadi. Walipofika langoni alitoa ufunguo mfukoni akamkabidhi, bila masharti wala mahubiri. Wikendi chuo hufungwa, kwa hivyo Cherop alilala nao chini ya mto siku zote mbili.

Jumatatu asubuhi na mapema alikuwa mlangoni pa kituo pamoja na rafiki yake Wacuka, ambaye naye alikuwa ameanguka ule mtihani wa kusikiliza. Walibeba chupa ya chai na mandazi, kwa maana walikusudia kutoka usiku. Mlinzi, mzee Kiptanui, alikuwa ameketi kwenye ngazi akipigwa na jua.

"Umefika, mama biashara," alimwambia Cherop. "Nina salamu zako."

"Baadaye, mzee. Leo ni kazi tu."

Ufunguo ulizunguka bila shida. Wacuka alitangulia kuingia, na sauti yake ikarudi na mwangwi.

"Cherop, mbona humu hakuna kitu?"

"Si ndiyo nilitaka kuwaambia," mzee Kiptanui alisema kutoka ngazini. "Lori lilikuja Jumamosi. Yule tajiri Mkongo alimwambia dereva akusalimie sana, ati ulimbana vibaya pale Bungoma, lakini hedifoni zote amezikuta mpya."