Miguu Minne Chini ya Gari

Miguu minne ilichomoza chini ya gari, na miwili kati yake ilikuwa ya binti yake. Mwandawiro aliitambua kwa ndara za bluu alizomnunulia mwenyewe. Ile mingine, iliyovaa mabuti ya reli yasiyo na kamba, ilikuwa ya Mzee Sifuna.

Mwandawiro alikuwa amesimama juu ya ndoo nyuma ya ua wa michongoma. Mtu mzima, mzee wa kanisa, anachungulia boma la watu kama mwizi wa kuku. Chini ya gari kikatoka kicheko. Ndoo ikateleza. Michongoma ikampokea.

Gari hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Sifuna, Mbukusu aliyeletwa Voi na kazi ya reli na kufiwa na mke papa hapa, alikuwa amestaafu. Badala ya kununua ng'ombe kama watu wenye akili, aliagiza gari lililokuja vipande vipande ndani ya sanduku la mbao, aliunganishe mwenyewe nyumbani kama kitanda. Mtaa wote wa Sofia ulicheka. Kisha Abby, binti wa Mwandawiro aliyekuwa akisomea umakanika, akaanza kwenda kumsaidia, na Mwandawiro akaacha kucheka.

Alijaribu kukataza. Abby akasema ni mazoezi ya masomo. Basi Mwandawiro akamtuma mama yake mzazi, Wakesho, ajuza asiyeogopa mtu wala mbwa, awe anaandamana na mjukuu wake.

"Mama, usiwape nafasi. Kaa katikati yao."

"Nitakaa," alisema Wakesho.

Na ripoti alizoleta zilikuwa nzuri. Mtoto yuko salama. Yule mzee hana hata muda wa kumtazama, kutwa anafunga nati. Lakini Mwandawiro naye alikuwa na macho. Abby alikuwa akirudi nyumbani akijichekea peke yake. Juzi mezani alikuwa ameuliza, "Baba, watu wakipendana, umri ni kitu?" na Mwandawiro akapaliwa na ugali.

Sasa alizunguka ua, akaingia langoni na miiba yake matakoni.

"Mzee Sifuna! Toka huko chini! Unataka nini na familia yangu?"

Sifuna alitoka kwa mgongo, grisi hadi masikioni, akasimama akipangusa mikono kwenye suruali kama mtoto aliyefumaniwa akila sukari.

"Nilitaka nimalize gari kwanza, ndio nije na wazee," alisema. "Mambo kama haya mtu haji kwa bodaboda."

"Kwa hivyo ni kweli! Huoni haya? Unajua umri wako?"

"Naujua. Ndio maana nina haraka."

Abby alijifanya anatafuta spana. Wakesho, aliyekuwa ameketi juu ya tairi akinywa chai, alikohoa hadi ikamtoka puani.

"Mama, umemsikia huyu?"

"Nimemsikia. Ameongea kwa adabu."

Mwandawiro alimtazama kwa uchungu. Mlinzi wake alikuwa amehongwa kwa chai ya maziwa.

Hakubishana zaidi. Habari zilipomfikia kwamba gari limejaribiwa hadi Miasenyi na kurudi bila kumwaga kitu barabarani, alimpandisha Abby gari la Taveta, akakae kwa shangazi yake kule Mata, avune vitunguu mpaka akili zimrudie. Abby aliondoka akiguna, "Baba, utajuta," naye akamjibu kwamba siku moja atamshukuru.

Jumamosi iliyofuata, honi ililia Mwakingali nzima, mtaa wa kina Mwandawiro. Gari lilikuwa jekundu, halina paa, na lilitoa moshi kama jiko la kuni, lakini lilikuwa gari. Sifuna alikuwa amevaa suti. Nyuma walijibana nduguye Wamalwa na mzee mmoja wa kanisa, kofia wamezishika kwa mikono miwili. Majirani walitoka na viti vyao.

Mwandawiro aliwasubiri mlangoni, mikono kifuani, roho yake nyeupe kama ya mtu aliyefunga goli.

"Mmechelewa! Abby hayupo. Yuko Mata, na hatarudi leo."

"Aa, pole yake," Sifuna alisema, na kweli alionekana kusikitika. "Hizi breki amezifunga yeye. Nilitaka sana awepo."

Wamalwa alikohoa, akaanza, "Mzee Mwandawiro, wewe ndiwe mkubwa wa boma hili, na kwa heshima zote tumekuja..."

"Heshima gani?" Mwandawiro alifoka, majirani wote wakasikia. "Mtu rika la marehemu baba yangu! Wewe Sifuna, na hizo mvi zote, utawezaje kufungua mdomo wako uniite mimi baba?"

Sifuna alimtazama kwa mshangao wa mtu aliyeulizwa njia ya kwenda kwake mwenyewe. Kabla hajajibu, mlango nyuma ya Mwandawiro ulifunguka. Wakesho alitoka amejipaka mafuta, mkoba kwapani, akampita mwanawe kama anayepita kisiki, akajiweka kiti cha mbele cha gari.

"Hapana, mwanangu," Sifuna alisema kwa upole, akimfungia mlango. "Wewe ndiye utakayeniita baba."