Kimya Katikati ya Dua

Kwenye skrini ya kompyuta, sauti ya baba niliyoirekodi akiomba dua ilikuwa vilima vya buluu, na kati ya kilima na kilima kulikuwa na mstari mrefu mnyoofu. Tangu apooze upande mmoja, yeye husema neno, hunyamaza, kisha hutoa jingine.

Kaka alitaka dua hiyo ipigwe kwenye harusi yake. "Ila ifupishe, dada. Wageni watasinzia."

Katika darasa la jioni la kuhariri sauti nilikuwa nimefundishwa kukata kimya. Niliteua mistari yote minyoofu, nikaifuta. Vilima vikasogeleana. Baba akaomba bila kusita, kama zamani. Nilimshukuru Mungu.

Nikamvisha baba hedifoni. Ya upande uliopooza iliteleza, nikaishikilia kwa kiganja. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyu... ana haraka."

"Ni wewe, baba."

"Mimi... nikinyamaza..." Kidole cha mkono wake mzima kiliinuka, kikaelekea juu, kikabaki hapo. "Namsikiliza... Yeye."

Simu ikaita. Alikuwa kaka. "Vipi, tayari? Basi nitumie."

"Waambie wageni wakae vizuri kwenye viti," nilisema, nikabofya kitufe cha kurudisha nilichokifuta.