Mkwe Mwenye Haya

Ephantus alitoka nyumbani kwake kinyumenyume, mgongo ukitangulia, kofia ameivuta mpaka puani. Alipiga hatua saba hivyo hivyo, mkono ukipapasa ukuta wa udongo, ndipo akageuka na kushika njia ya mtoni mbio mbio. Hakuna aliyecheka. Kijiji kizima kilijua kwamba mlango uliotazamana na wake ni wa Wangeci, mama mzazi wa mkewe Waithira, na kwa Wakikuyu mwanamume na mama mkwe hawakodoleani macho.

Kijiji chenyewe kilikuwa fedheha tupu. Mwaka mmoja nyuma hapo ukingoni mwa Mto Ruiru palikuwa na mashamba ya nduma tu. Kisha ikaja 1954, Hali ya Hatari ikiwa imepamba moto, Serikali ikachoma nyumba za watu kule matutani, juu ya vilima walikotawanyika, ikapiga vigingi kwa kamba, mistari mirefu ya kijeshi, ikasema: jengeni hapa, mna wiki mbili. Wakachimba handaki kuzunguka, wakapewa lango moja na filimbi ya kulifungua. Watu waliozoea kutenganishwa na shamba zima sasa walisikiana wakikohoa. Baba aliogea mahali binti zake wangeweza kumwona. Wazee hata kusalimiana kuliwashinda, maana utamwamkia mtu vipi na umetoka kumsikia akitukanwa na mkewe?

Katika aibu hiyo yote, Ephantus ndiye aliyebaki wa kujivunia. Wengine walikuwa wamezoea, yeye alikataa kuzoea. Alitoboa mlango wa nyuma, askari wa kijiji wakamwamuru auzibe, kwa kuwa amri ni mlango mmoja kila nyumba. Akajenga ua wa mabua ya mahindi, wakaubomoa, eti watu watajificha humo. Ndipo akaanza mwendo wake wa kinyumenyume. Wanawake waliokwenda kuchota maji walinong'onezana wakimwona: huyo ndiye mwanamume aliyelelewa.

Sifa hizo zilimchoma kuliko matusi. Alikonda mpaka suruali ikawa ya kufungwa kwa kamba. Kule Ruiru mjini, alikofanya useremala kwa Mohinder, alikata mbao fupi mara tatu katika wiki moja, na Mohinder akataka kujua kama anaumwa.

"Ni nyumba tu, fundi," Ephantus alijibu. "Nimewekwa mahali pabaya."

Wangeci naye alikuwa na makosa yake, watu walisema, ila walisema chini chini. Desturi inambana mama mkwe vile vile. Alipaswa kugeukia kando, au ajifunike shuka mkwewe akipita. Lakini kila asubuhi, filimbi ikishalia, alitoa kigoda chake, akaketi akiutazama mlango wa Ephantus, wala haongei. Walimsamehe. Mwanawe wa pekee wa kiume, Wainaina, alikamatwa katika msako wa mwaka uliopita, siku ile wanaume wote wa tuta lao walipokusanywa, Ephantus akiwa miongoni mwao. Ephantus aliachiliwa siku ya tatu. Wainaina alifia kambini, akazikwa huko huko, na nyumbani hakuna aliyeonyeshwa kaburi. Mwanamke aliyefikwa na hayo, nani atakwenda kumfundisha adabu?

Ephantus alimtuma Waithira ampelekee blanketi jekundu kutoka duka la Dhanji. Lilirudi kabla ya jua kutua, limekunjwa vizuri.

"Amesema hasikii baridi," Waithira alisema. "Lakini Baba Nyokabi, si uache hii mambo ya kutembea na mgongo? Mama hana ubaya. Kila siku lazima aniulize kama umelala vizuri."

Chakula cha siku hiyo Ephantus hakukigusa.

Jumamosi alikata shauri. Alijijua: akikaa pale mwezi mmoja zaidi, atashikwa na wazimu. Akaenda kwa Zacharia, mkuu wa kijiji, aliyekuwa ameketi na wazee wawili kwenye kituo cha askari karibu na daraja.

"Mzee, naomba unihamishe," alisema, kofia mkononi. "Nipe ile ya mwisho kabisa, kule chini kwa maji."

"Ile? Mvua ikinyesha mto unaingia mpaka kitandani."

"Wacha uingie."

"Ngai!" mmoja wa wazee alisema, akimpigapiga begani. "Kama vijana wetu wote wangekuwa na heshima namna hii, tungekuwa tumefika mahali."

Ephantus aliinamisha kichwa. Zacharia hakucheka wala hakusifu. Aliwaomba wale wazee wawapishe kidogo, akangoja mpaka wamefika barabarani.

"Si kosa la mtu, mzee," Ephantus aliharakisha kusema. "Ni vigingi vya Mzungu. Hakujua desturi yetu, akatupanga ovyo ovyo. Hata mkwe wangu anaumia."

Zacharia alikifunika kitabu cha nyumba. Alizungumza akiangalia meza, sauti yake ndogo.

"Mzungu alikuwa amekuweka mstari wa tatu, mbali naye kabisa. Ni Wangeci alikuja hapa, kabla ujenge, akaomba ule mlango. Nikamwambia, mama, huyo ni mkwe wako, ni mwiko. Akaniambia siku ya msako alikuwa amesimama nje ya waya na uji wa Wainaina, akaona yule mtu wa gunia, yule wa kuchongea wenzake kwa Serikali, akimwonyesha kijana wake kidole. Huyo wa gunia alikuwa amefunikwa mwili wote, ni macho peke yake yalionekana. Akasema, 'Niweke mahali nitakuwa nikiyaona kila asubuhi.'"