Mafiga Matatu

Saa nne asubuhi Kisioki, bunduki begani, aliwapitisha watalii wake kwa miguu kando ya pundamilia, mpaka kwenye mafiga matatu yaliyozingirwa na majani. Hapo ndipo mama yake alipokuwa akipika, kabla hawajahamishwa kupisha hifadhi. Mmoja wa watalii, mwalimu kutoka mjini, aliketi juu ya figa moja, akafunga kamba za kiatu.

"Kaka, kwani hapa waliishi watu?"

Waongozaji walikatazwa kulisema hilo, na kazi hii ndiyo iliyowalisha wanawe.

"Hapana, dada. Hapa ni pa wanyama tangu enzi na enzi."

Mwalimu aliridhika, akainuka, akapangusa suruali. Kisioki aliiweka sawa bunduki begani, akatangulia. Mbele yao twiga aliinua shingo, akamkazia macho kama anavyotazamwa mgeni.