Ruzuku ya Ukimya

Tangu ruzuku ya kufufua mto ianze kutolewa kwa nyumba zilizo kimya tu, Nelima alikuwa amechoka hoi kwa kunong'ona. Vinasa sauti vilifukiwa ukingoni. Mtu akipaza sauti, ruzuku inakatwa. Ila matete yalikuwa yameota tena, na fisimaji wamerudi.

"Mama Nafula, leo nimesikia kiboko," mumewe Barasa alimnong'oneza jikoni, uso umemchangamka. "Mto unapona."

"Haya," akaitikia kwa uchovu, akageuka kuipua sufuria.

Ndipo akamwona Nafula, bintiye mdogo, amesimama kando ya jiko. Kiganja kilikuwa kimeungua, kimejaa malengelenge. Machozi yalimtiririka mtoto, na mdomo ameufumba kabisa, kama walivyomfundisha wenyewe.