Nusu ya Pili

Baba yake Yamile alitolewa korongoni akiwa ameshika nusu ya jiwe. Ilibidi watu wawili wamkunjue vidole. Ndani ya nusu ile kulikuwa na alama tu ya konokono wa bahari wa kale, shimo la mviringo lenye mistari, kama chombo cha keki baada ya keki kutolewa.

Kijiji kizima kilisema Abelardo aliteleza, na kwamba alikuwa peke yake. Yamile hakuamini hata siku moja. Jiwe lilikuwa limepasuliwa asubuhi ileile. Nusu ya pili alikuwa nayo nani?

Jumapili hiyo, miaka tisa baadaye, aliitia nusu yake mkobani.

"Unakwenda tena kwa yule mzee wa mawe?" Mama yake, Bernarda, aliuliza bila kugeuka. Alikuwa akikandamiza jibini kwa jiwe lake zito lililoshonewa kitambaa.

"Naenda kutazama tu, mama."

"Baba yako naye alikuwa anatazama tu. Haya, katazame."

Yamile alinyoosha mkono amsaidie kuliinua jiwe, likaoshwe.

"Acha. Hilo naosha mwenyewe."

Hakumlaumu kwa kuyachukia mawe. Siku ya ajali mama aliaga kwenda mji wa Chiquinquirá, kwenye sikukuu ya Bikira, akarudi na mshumaa mkononi na kukuta mumewe amelazwa mezani. Aliyemtia Yamile shaka ni Mzee Eliécer, aliyekwenda korongoni na baba kila Jumapili kwa miaka ishirini, isipokuwa, kwa maneno yake mwenyewe, siku ile tu.

Alipofika nyumbani kwa Mzee, watazamaji wengine walikuwa wameshaondoka. Mzee alifunga mlango, akatia komeo.

"Upepo," alisema.

Chumba kilinuka siki. Rafu zilijaa visukuku, viumbe vya kale vilivyogeuka mawe, kila kimoja na tarehe yake kwa rangi nyeupe. Mzee alimpa Yamile sindano na jiwe lililoloweshwa.

"Polepole, binti. Siki inalainisha, sindano inamalizia. Ukiwa na pupa utamvunja huyohuyo unayemtafuta."

Akaingia jikoni kuchemsha maji ya sukari guru. Yamile aliruka hadi kwenye rafu. Tisa Julai. Tisa Julai. Tarehe hiyo, ya kifo cha baba, hakuiona popote. Akashika nusu zote zisizo na wenzao, akazijaribu moja baada ya nyingine. Hakuna iliyoingia.

"Mwenzake hayumo humu."

Mzee alikuwa amesimama nyuma yake na vikombe viwili.

"Miaka tisa nangoja mtu aniletee nusu hiyo," alisema.

Yamile alimwogopa waziwazi, lakini alikuwa amechoka kunyamaza. "Ni wewe uliyekuwa naye!"

"Laiti ningekuwa mimi. Siku ile alinikataa. Alisema ana mgeni wa kumpasulia jiwe." Mzee aliweka vikombe chini, akaielekeza nusu ile dirishani. "Desturi yetu unaijua. Anayepasua hubaki na alama, mwenzake hupewa konokono mwenyewe, palepale. Abelardo hakuwahi kuivunja. Nimelikagua korongo lile mara tatu, kwa magoti. Hamna kitu. Konokono alipanda juu na mtu."

"Basi ameshamtupa."

"Amtupe wapi? Hapa kila mtu anaokota mawe. Angefika mezani kwangu kesho yake." Akamfungulia komeo. "Amefichwa, binti. Tena karibu."

Yamile alirudi nyumbani akilia kwa aibu. Alikuwa amemchukia mtu bure kwa miaka tisa, na hakuwa amepata hata kumfulia kitambaa mama yake, aliyemlea peke yake.

Mama hakuwepo, alikuwa amepeleka jibini kwa jirani. Jiwe la jibini lilikuwa mezani, kitambaa chake kimechanika pembeni na kinanuka uchachu. Yamile akaona bora alioshe, alishonee kitambaa kipya, mama akirudi afurahi. Akachukua mkasi, akakata uzi.

Maji ya maziwa yaliyochacha yalikuwa yamelila jiwe kama siki, likawa jeupe. Katikati yake alijikunja konokono, mgongo nje, mistari yake imekaribia kufutika.

Mkono ulizama mkobani kabla hajafikiri. Alizikutanisha nusu mbili. Ingawa jiwe lilikuwa limelika, konokono aliingia katika shimo lake, kingo zikakutana.

Nyuma yake mlango ulifungwa, na komeo likaingia.

"Yamile," mama alisema taratibu. "Nilikwambia hilo naosha mwenyewe."